Kufuli la Salvu Psaila

Canberra, 4 Agosti

Pa mpendwa,

Nibariki, Pa.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kikohozi chako kimekwisha pamoja na baridi ya Julai. Mimi sijambo. Huku asubuhi majani yanavaa barafu, na walinzi wa Bunge wanapuliza viganja vyao wakinifungulia mlango.

Najua hupokei simu yangu. Nimepiga tangu Pasaka. Shangazi Cetta ananiambia unaitazama ikilia, kisha unaenda kupalilia maharage. Kwa hiyo naandika. Karatasi huwezi kuikata.

Bado nakuona pale klabuni kwetu siku ya Pasaka. Watu wamekula sungura, wamelamba vidole, nami nimesimama na kusema nitaunga mkono muswada wa lengo jipya la hewa chafu. Ulisimama, ukageuza kiti chako, ukakaa ukitazama ukuta mpaka nilipoondoka. Watu tisini wanatazama mgongo wa baba yangu! Ungenitukana ningeumia kidogo tu.

Sikuja bungeni kuiua Narrowin na kituo chake cha umeme wa makaa. Muswada unasema kufikia mwaka wa elfu mbili thelathini na tano nchi hii iwe imepunguza hewa chafu kwa zaidi ya nusu, na lengo hilo liwe sheria, si ahadi ya jukwaani ya kusahauliwa baada ya uchaguzi. Ndani yake kuna fungu la mabonde kama letu, la kazi mpya kabla dohani hazijazimwa. Fungu hilo nililipigania mwenyewe. Tunawazidi wapinzani kwa kura moja, Pa. Moja. Kila mtu hapa ananiangalia kama yai.

Jana niliota niko mdogo, umenibeba mabegani, tunatazama mvuke ukitoka kwenye minara ya kupozea. Uliniambia ni kiwanda cha mawingu, na wewe ndiye unayechagua yapi yaende Melbourne na yapi yaende baharini. Nilikuamini mpaka darasa la tano. Katika ndoto nilikuamini tena.

Binti yako,
Mart


Narrowin, 12 Agosti

Marthese,

Nimepata barua yako. Mimi mzima, kuku wazima, maharage yamefika kiunoni. Shangazi yako Cetta analalamika magoti lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, maana naona unajua kila ninachopalilia.

Baraka sikupi. Nimeiweka kabatini pamoja na suti.

Unataka tuzungumze? Haya. Lengo, lengo, kila mkifungua redio ni lengo. Nani kalipima? Mtu ambaye hajawahi kuosha masizi masikioni. Miaka thelathini na nane nimewasha taa za watu wale wale ambao leo wananiita mchafu. Mtoto wa Saliba ana miaka ishirini na mitatu, ana mtoto njiani, yuko boila namba tatu. Nenda ukamwambie habari za mwaka wa thelathini na tano. Mwambie na fungu lako. Tangu nizaliwe nimesikia mafungu mengi, sijawahi kuonja hata moja.

Na usiniletee mama yako katika jambo hili, maana najua unakokwenda. Uliliambia gazeti kwamba ulimwona akianua shuka zenye majivu katika msimu ule wa mioto ya misitu, akikohoa. Ni kweli alizianua na alikohoa. Lakini aliondoka kwa moyo, daktari ameandika moyo. Niachie hilo.

Unasema kila mtu anakuangalia kwa sababu ya kura moja. Hilo nalijua vizuri kuliko wewe. Kila mtu wa kituoni alikuwa na kufuli lake jekundu lenye jina. Ukiingia ndani ya kinu cha kusagia makaa kukitengeneza, unalining'iniza kwenye swichi na ufunguo unakaa mfukoni mwako. Wakiingia watu sita, makufuli sita. Hata akiwa meneja, hata Melbourne nzima ikae gizani, hakuna wa kuwasha mpaka kila mtu atoke na afungue la kwake kwa mkono wake. Kulikata kufuli la mwenzio, kwetu afadhali ulale na mkewe.

Wim yule Mholanzi alikwenda Bairnsdale kwenye harusi ya dada yake, akasahau la kwake limening'inia. Jua linawaka, nchi nzima imewasha viyoyozi, kinu kimekaa kama ng'ombe mkaidi. Tukaendesha gari muda wa saa mbili. Tulimtoa kanisani na ua kifuani, kwaya ikiimba. Akaja, akafungua, akarudi kula keki. Miaka arobaini tukimwona tunamwambia, "Wim, umepapasa mfuko?" Mimi ndiye niliyekuwa nacheka zaidi.

Nimecheka hata sasa, nikakohoa. Basi.

Baba yako, ambaye kiti chake bado kimegeuka,
Salvu


Canberra, 20 Agosti

Pa mpendwa,

Nibariki, hata kama kabati limefungwa.

Hujambo? Kikohozi kile ulikiandika wewe mwenyewe mwishoni, kisha ukakimbia. Cetta amemwona mtu anayefanana na wewe, mwenye kofia yako, hospitali ya bondeni. Ni wewe?

Jana mjadala uliendelea muda wa saa saba. Ningependa ungekuwa juu kwenye viti vya wageni, ungeburudika, maana nilichapwa. Aliyenichapa anaitwa Alasdair Tibbet, mbunge wa upinzani, mfugaji wa kondoo kutoka magharibi kule kukavu. Ana miaka sitini na tisa, na kofia yake anaiweka kwenye meza ya Bunge kama mgeni aliyekuja kukaa siku nyingi. Alisema, "Mheshimiwa wa Narrowin alinyonya makaa, akasomeshwa na makaa, leo anataka kumzika mama yake akiwa hai."

Nikasimama. "Mheshimiwa Tibbet amepoteza kondoo elfu mbili kwa ukame, na kila mwaka anasema ni bahati mbaya. Ningependa kujua bahati hiyo itachoka lini."

Upande wetu wakagonga meza. Upande wake wakapiga kelele, "Hana aibu! Muulizeni babake!" Ndiyo, Pa, wanajua habari ya kiti. Tibbet peke yake hakupiga kelele. Alinifuata kwenye korido baadaye, kofia mkononi. "Mzee wako ni yule wa barua za gazetini? Anaandika vizuri. Angekuwa upande wangu huku ndani, ningelala." Nikamwambia mzee wangu yuko upande wake, na mimi ndiye ninayekosa usingizi.

Kuna desturi hapa ungeipenda. Mbunge akiuguliwa au akifiwa, upande wa pili unamtoa mtu wake mmoja akae nje wakati wa kura, ili uzito usibadilike. Wanaiita jozi. Haimo katika sheria yoyote, hakuna wa kumshtaki atakayeivunja. Kengele inalia dakika nne, kila mtu anakimbia na kahawa yake, kisha milango inafungwa kwa ufunguo na watu wanahesabiwa. Yule wa jozi anakaa nje kwa sababu alisema atakaa. Hakuna zaidi ya hapo.

Kura ni tarehe 18 Septemba. Miti ya mimosa yenye maua ya njano imeanza kuchanua kando ya ziwa. Nikipita hapo nasikia harufu ya nyumbani, na mara nyingine nasahau ninakokwenda.

Nijibu kuhusu hospitali.

Binti yako,
Mart


Narrowin, 29 Agosti

Mart,

Mimi mzima. Nilikwenda hospitali kupeleka mayai kwa muuguzi. Cetta avae miwani.

Leo ukungu haukuondoka kabisa. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma na blanketi. Minara haikuonekana, mvuke haukuonekana, yote nyeupe, nikawa sijui ukungu unaishia wapi na mvuke unaanzia wapi. Mama yako alitoka huko akiwa na beseni la nguo. Aliweka beseni chini na kuanza kuanika, na kila shuka ilikuwa safi. Nilipoamka blanketi lilikuwa limelowa umande.

Nimemkumbuka Arvid Lepp, yule Mwestonia. Sikukuambia. Alitoka zamu ya jioni, kufuli lake limebaki kwenye kinu namba nne, akafika nyumbani, akala, akalala, hakuamka. Kwa mtu kama huyo huwezi kuendesha gari kumfuata. Kinu kilikaa siku tatu. Meneja alikuja na mkasi wa kukatia chuma, tukasimama mbele ya swichi, akarudi nao. Siku ya nne mkewe alikuja na gauni jeusi, ufunguo kwenye leso. Tulivua kofia. Alilifungua mwenyewe, akalitia kwenye mkoba. Ndipo tukawasha.

La kwangu liko kwenye droo ya jikoni, jina bado linasomeka. Siku niliyostaafu walitaka kulibakiza kwenye kabati la vioo, na medali. Nikawaambia kufuli si medali.

Tibbet amekushinda kwenye hoja, lakini lile la kondoo umemchoma. Nililisikia redioni. Nilisema "aaah!" peke yangu mpaka kuku wakashtuka.

Naishia hapa, baridi imeingia vidoleni.

Baba yako


Canberra, 3 Septemba

Pa,

Nibariki.

Muuguzi anayepelekewa mayai amezungumza na Cetta. Mapafu yote mawili yameharibika, na mtungi wa hewa kando ya kitanda tangu mwezi wa sita. Wa sita, Pa! Unaniandikia habari za kuku na umefungwa mpira puani. Nimesoma barua zako upya zote, na kila mahali uliposema mzima, nimelia.

Mimi ni mtoto wako wa pekee. Sikuwa hapo mama alipoondoka, nilikuwa kwenye mkutano wa kampeni nikishangiliwa na watu ambao leo sikumbuki hata nyuso zao. Sitarudia. Nimekwenda kwa mnadhimu wetu, anayepanga kura za chama, nikamwambia natoka tarehe 15, kura au hakuna kura. Alishika kichwa. Bila mimi tunalingana, na hapa muswada wenye kura sawa umeanguka. Miaka mitatu ya kazi chini.

Basi ameniombea jozi, na aliyejitolea ni Tibbet. Alisema, "Nitakaa nje kwa ajili ya mzee wa barua." Lakini watu wake wamekasirika. Wanamwambia hiyo ndiyo siku ya kuingia, kwamba watu watasahau baada ya wiki. Mnadhimu wetu ananishika mkono kwenye korido na kuniuliza, "Una hakika na huyu mzee?" Sina hakika. Nimezungumza naye mara tatu tu maishani.

Nakuja hata hivyo.

Binti yako,
Mart


Narrowin, 8 Septemba

Binti yangu,

Naandikiwa na Cetta, mimi nasema. Nimemkataza kuongeza ya kwake.

Mimi si mzima. Haya, nimesema.

Nisikilize vizuri. Ule muswada wako ni mbaya. Nimeupinga kwa mdomo na kwa gazeti, na nikipata nguvu kesho nitaupinga kwenye foleni ya mkate. Nataka ushindwe. Lakini nataka ushindwe kwa kura, macho kwa macho, wote mkiwa ndani. Ukija hapa na yule Tibbet akaingia ndani, utashindwa kwa sababu ya mapafu yangu. Watasema Salvu Psaila alimwangusha mwanawe kwa kuugua. Mtoto wa Saliba atakuja kunipa mkono wa hongera kitandani! Ushindi wa namna hiyo siutaki, nitautapika.

Kwa hiyo kama jozi ni ya kweli, njoo, nitashukuru. Nakuhitaji, Mart. Kama si ya kweli, baki huko ukapige kura yako mbaya, nami nitakungoja kadiri nitakavyoweza.

Usijali kuhusu Tibbet. Leo Cetta amepeleka posta kifurushi changu. Usimuulize kina nini, atakuambia, nami nitamfukuza.

Mbegu za nyanya ziko kwenye kopo la kahawa. Hazipandwi kabla ya siku ya mbio za farasi za Novemba, baridi itaziua. Nakuambia kwa sababu huwa una haraka.

Baba'ko

(Cetta hapa. Njoo, mwanangu. Asikudanganye kwamba anaweza kungoja.)


Narrowin, 29 Septemba

Pa mpendwa,

Safari hii siombi baraka. Ninayo. Tangu tarehe 18 sipaoshi vizuri hapa kwenye paji la uso, pale ulipochora msalaba kwa kidole gumba.

Sijui nakuuliza hujambo kwa njia gani. Cetta mzima. Kuku wazima. Nimekaa kwenye kiti chako jikoni, maharage yamechanua, na kila nyuki wa bondeni yuko kwetu.

Yaliyotokea chumbani unayajua, ulikuwepo, lakini acha nikusimulie, maana mengine ulisinzia. Tarehe 18 mchana Cetta alileta redio. Uliivuta kwenye mto kama mtoto. Tulisikia kengele. Dakika nne, nawe ulihesabu kwa vidole kwenye mkono wangu. Spika akasema milango ifungwe. Ukaniuliza, "Tibbet yuko ndani au nje?" Nikasema redio haionyeshi, Pa. Ukafumba macho. Nilifikiri umelala, kumbe midomo ilikuwa inaenda.

Halafu hesabu. Tukawazidi kwa moja.

Hukufungua macho. "Nani kashinda?"

"Mimi, Pa."

"Kwa kura?"

"Kwa kura."

"Mbaya sana," ukasema. Kisha ukatabasamu, ukanyoosha kidole gumba, ukakosa paji la uso ukagusa pua, ukarudia ukapapata. Cetta alitoka nje kulia kwa sauti, na wewe ukaniambia nikuletee pastizi, zile sambusa zetu za jibini, ukala kona ya moja.

Tarehe 20 asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nilikugeuzia kitanda uelekee dirishani. Ulisema, "Leo yote yaende baharini." Nilidhani unaota, kisha nikakumbuka kiwanda. Nikasema sawa, Pa, yote. Ulikwenda kabla ukungu haujainuka.

Sasa yale usiyoyajua. Watu walijaza kanisa. Mtoto wa Saliba alibeba jeneza upande wa kushoto. Alinipa mkono, hakunitazama, na sikumlaumu. Nilimwahidi nitakuja boila namba tatu kumweleza lile fungu uso kwa uso, na kila mwaka nitarudi kumwonyesha limefika wapi. Akasema, "Tutaona." Ni jibu lako kabisa.

Nyuma kabisa alisimama mzee mwenye kofia kifuani. Tibbet. Alikuwa ameendesha gari siku nzima. Tulikwenda naye klabuni, akala sungura, ndipo akatoa kikaratasi kwenye mfuko wa koti. Mwandiko wa Cetta, maneno yako:

"Bwana Tibbet, mimi niko upande wako na nitakufa niko upande wako. Hili ni kufuli langu. Lining'inize mahali utakapoliona siku hiyo. Kwetu likining'inia maana yake kuna mtu ndani ya mashine, na hakuna wa kuwasha. Mtu huyo ni binti yangu."

Aliniambia, "Nililifunga kwenye kitasa cha ofisi yangu. Likaning'inia hapo, kitasa kisizunguke. Kengele ya kura ilipoanza wakaja wenzangu watatu wa chama, wakaniambia: Alasdair, ingia, leo tunawaangusha, hutapata siku nyingine. Nikawaonyesha mlango. Wakasema ni kipande cha chuma. Nikasema someni jina. Mmoja wao babake alikuwa mchimbaji wa makaa. Alilisoma, akaondoka, na wale wawili wakamfuata. Nikakaa kwenye kiti changu dakika nne nikiangalia kitasa, nikijua naipoteza kura ambayo nimeingoja maisha yangu yote." Akafuta macho kwa kofia. "Muswada wako bado mbaya, dada." Nikamwambia ndiyo maneno ya mwenye kufuli.

Halafu akaniuliza ufunguo uko wapi, maana kufuli bado liko kwenye kitasa chake. Watu wa usalama wa Bunge walikuja na mkasi mkubwa, akasimama mbele ya mlango na kukataa. Anaingia ofisini kwa mlango wa karani.

Nilicheka, Pa. Klabu nzima ikageuka. Umekwenda nyumbani na kufuli lako limening'inia! Wewe uliyemcheka Wim miaka arobaini! Na Wim mwenyewe alikuwepo, kwenye kiti cha magurudumu, nilipomsimulia alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Alisema, "Hatimaye! Mwambie apapase mfuko." Kisha akalia kuliko sisi sote.

Nilipapasa mimi. Shati lako la flana lililotundikwa jikoni, mfuko wa kushoto, pamoja na rozari. Ufunguo ulikuwa na joto la jiko lililokuwa karibu, lakini kwa dakika nzima niliamini ni joto lako.

Kesho narudi Canberra. Nimeazima gauni jeusi la Cetta, linanipwaya, na ufunguo nimeufunga kwenye leso ya mama. Tibbet amesema atavua kofia. Sitaki kwenda, Pa. Nikishalifungua hutakuwa tena na kitu kinachokungoja huku. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba watu wanasubiri kuwasha.

Kiti chako cha klabuni kilikuwa bado kimegeukia ukuta tangu Pasaka. Hakuna aliyethubutu kukigusa, walisema ni chako. Nimekigeuza leo kwa mkono wangu, nikakikalia kidogo, nikatazama watu.

Nyanya nitazipanda Novemba. Sitaharakisha.

Binti yako uliyembariki,
Mart